Siku Shemeji Alipopita Kituo

Mtaani kwetu wanamwita Honi. Mimi namwita shemeji, maana amemwoa dada yangu, na nikikasirika bado namwita shemeji, ila kwa sauti ambayo yeye mwenyewe anajua maana yake. Ni dereva wa treni ya abiria. Mrefu, mwembamba, mpole wa kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Tunaishi nyumba moja, wao vyumba viwili vya mbele, mimi chumba cha uani, na kwa miaka mingi sikuuona uso wake ila siku zake za mapumziko. Siku nyingine nilimsikia tu.

Kazi yangu ni udobi. Nafua nguo za watu na kuzipiga pasi. Kamba zangu za kuanikia ziko nyuma ya nyumba, nyuma ya kamba kuna ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta ndiyo reli. Kwa hiyo habari za treni usinisimulie. Naijua kwa masikio, naijua kwa pua, naijua kwa vumbi lake linalotua kwenye mashuka meupe ya wateja wangu. Ng'ambo ya reli kuna barabara kuu, na hapo ndipo penye kasheshe. Asubuhi na jioni barabara ile ilikuwa haitembei, upande wa kwenda wala upande wa kurudi. Madereva walizima injini, wakashuka, wakajinyoosha, wakajuliana hali na habari za nyumbani. Jirani yetu kinyozi anaapa kwamba aliwahi kumnyoa mteja ndevu kwenye foleni, shavu moja walipoanza safari na la pili walipokaribia kufika. Kinyozi ni mwongo wa kutupwa, lakini kwa hilo sikumbishia sana.

Sasa sikia ujinga wenyewe ulivyokuwa. Treni ilipita nyuma ya nyumba yetu bila kusimama. Jioni shemeji anatoka na abiria mjini, anapita mgongoni mwa nyumba yake mwenyewe, anaiona taa ya jikoni kwake, anaziona mpaka soksi zake kwenye kamba, halafu huyo anaenda zake mwisho wa reli. Huko anakabidhi treni, anapanda basi, na basi linaingia kwenye foleni kumrudisha kule kule alikotoka kupita. Akifika, watoto wamelala. Nasema watoto, lakini wana mmoja tu, ingawa kwa kelele ni kama wanne. Tunamwita Chiriku.

Palikuwa na desturi. Treni ikikaribia kwetu, shemeji alipiga honi, fupi mbili na ndefu moja, maana yake nimepita, nakuja. Dada anatoka mbio. Mimi naiacha pasi, na suruali moja ya mteja iliwahi kuungulia mapenzi yasiyo yake. Chiriku anapandishwa juu ya ukuta, majirani nao wanachungulia, tunapunga mikono sote kama wendawazimu, naye anatoa mkono wake mrefu dirishani anatupungia. Kisha treni imekwenda. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini kupungiana mikono hakujawa ndoa, wala si malezi.

Hilo nililijua siku moja ya mapumziko yake. Amekaa sebuleni, Chiriku akamletea maji kwa mikono miwili, akayaweka mezani taratibu, akasema, "Karibu." Halafu akanifuata jikoni na kuniuliza, kwa sauti ambayo yeye anaamini ni ya kunong'ona, "Mama mdogo, mgeni atalala hapa leo?"

Shemeji alisikia. Alicheka, akayanywa yale maji yote, akasifu kwamba ni matamu. Kisha akatoka uani, akasimama kati ya mashuka yangu akiitazama reli.

Dada hakucheka hata kidogo. "Mtoto anamkaribisha baba yake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme," aliniambia. "Akikua hivi hivi, nitamweleza nini?"

Mimi nikibanwa na swali huwa nakasirika. Nilimkasirikia shemeji, nikaikasirikia reli, nikaikasirikia na barabara.

Basi wakubwa wa barabara na wakubwa wa reli wakakaa kikao, jambo ambalo kinyozi aliliita muujiza. Wakaona kwamba kabla ya kubomolea watu nyumba ili barabara ipanuliwe, wajaribu kwanza kuongeza kituo kimoja cha treni. Na mahali walipopachagua ni nyuma ya ukuta wetu! Wakaja mafundi, wakamwaga zege la jukwaa, wakaweka paa, mabenchi na taa. Vumbi la saruji lilinitia hasara ya sabuni, lakini nilifua huku naimba.

Kulikuwa na sharti. Kituo ni cha majaribio. Watu wakiacha magari na kupanda treni, kitabaki. Wakiendelea kung'ang'ania barabara, mabenchi yatang'olewa na treni zitapita kama zamani. Sisi nyumbani tulilielewa sharti hilo kwa namna yetu. Kituo kikibaki, shemeji akikabidhi treni mwisho wa reli anageuka nayo kama abiria, anashuka mlangoni kwake, anamkuta Chiriku macho makavu. Kikiondoka, mgeni ataendelea kuwa mgeni.

Kwa hiyo tukaingia kazini. Dada anafundisha shule ya chekechea, na hakuna mzazi aliyechukua mwanawe getini bila kuelezwa faida za treni. Mimi sikumpa mteja mzigo wake mpaka ajibu swali. "Shati lako hili hapa, limenyooka. Kwanza niambie, kituo kikifunguliwa utapanda nini?" Kinyozi naye aliuliza swali hilo hilo wembe ukiwa shingoni, na hakuna aliyewahi kumjibu vibaya.

Shemeji mwenyewe alifanya mazoezi. Siku za mapumziko alipanga viti sebuleni, yeye kiti cha mbele, Chiriku nyuma ndiye abiria, mimi na dada tukilazimishwa kuwa msongamano. "Hapa tangi la maji, napunguza mwendo," anasema kwa makini. "Hapa kwa kinyozi, nashika breki. Hapa ukuta wetu, nasimama." Anasimama. Abiria anashuka, anaaga kwa adabu, anasema asante dereva. Hakukosea hata mara moja.

Siku ya kufungua ilikuwa siku ya kazi, jioni, wakati ambao barabara imefura kabisa. Mkuu wa reli alitarajiwa kuja kukata utepe, na treni ya kwanza kusimama ilipangwa iwe ya shemeji. Dada alivaa gauni lake la bluu ambalo nililipiga pasi mara mbili, si kwa haja bali kwa wasiwasi. Nilimbeba Chiriku. Jukwaa lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta wangu. Utepe ulikuwapo, mkuu hakuwapo. Msaidizi wake kila akipiga simu alituambia, "Yuko karibu, yuko karibu kabisa," huku jasho likimtoka.

Tukaisikia treni. Honi, fupi mbili na ndefu moja.

Mungu wangu, jinsi tulivyopiga kelele! Mikono ilikwenda juu yote, watu wazima na wazee na watoto, leso zinapepea, dada anarukaruka ndani ya gauni nililolinyoosha. Nikamwona shemeji dirishani. Anacheka, machozi yanamtiririka, mkono umetoka nje wote hadi begani. Akapiga honi tena, ndefu, ndefu kuliko zote alizowahi kupiga. Anatupungia, tunampungia, treni inatupita behewa baada ya behewa, na ndani ya madirisha naona nyuso za abiria zimeanza kugeuka, vinywa wazi, wanatunyooshea vidole. Behewa la mwisho likapita. Upepo wake ukaukata utepe.

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Amepita?" dada akaniuliza.

"Amepita."

"Amepita kwenda wapi?"

"Mbele yako hapo, dada. Si amekupungia?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Kinyozi, ambaye anajua kila kitu na nusu yake si kweli, akasema kwa upole kwamba dereva anayepita kituo huwa hafukuzwi, la hasha, huhamishiwa treni za mizigo, zile za safari ndefu. Wanalala njiani. Wanarudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa. Nilitamani kumtia kinyozi kwenye beseni la maji ya sabuni. Dada alikaa kwenye benchi jipya, akashika kichwa. Alikuwa ameomba mume wa kila jioni, na sasa alikuwa anaona hata wa siku za mapumziko anaponyoka.

Hapo ndipo mkuu wa reli alipotokea. Alikuja kwa miguu! Koti begani, viatu vyeupe kwa vumbi, anahema. Gari lake alikuwa ameliacha na dereva katikati ya foleni, maana lilikuwa halijasogea tangu aanze kuliona tangi letu la maji kwa mbali. Akatutazama kwa aibu.

"Ndugu zangu, nisameheni. Treni imeshafika?"

Watu zaidi ya mia walimtazama, na kila mmoja alijua mawazo ya mwenzake.

"Bado, mkuu," alisema kinyozi.

"Bado," tukaitikia sote, kama kwaya.

"Baba ame..." Chiriku akaanza, nami nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma. Sikukiondoa.

Mkuu akafurahi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Utepe ukafungwa upya, fundo likionekana wazi, na hakuuliza. Tukangoja. Msaidizi wake, ambaye aliona kila kitu, aliamua kutazama mawingu. Kisha treni ikasikika, lakini kutoka upande mwingine, upande wa mwisho wa reli. Ilikuja polepole, ikapunguza, ikalia, ikasimama mbele yetu kabisa. Ilikuwa treni ile ile, inaendeshwa na dereva mwingine. Milango ikafunguka na wakamwagika wale abiria waliopitishwa, wanashikana mabega kwa kicheko. Baadaye walitueleza kwamba kondakta, alipoona mambo yameharibika, alitangaza kwenye kipaza sauti kwa sauti yake ya kila siku, "Abiria wa kituo kipya, kituo chenu ni hicho mnachokiona nyuma."

Mkuu akapiga makofi. "Hongereni! Hatimaye!"

Wa mwisho kushuka alikuwa shemeji. Kofia mkononi, amenywea, urefu wake wote umekwisha. Sote tulimkonyeza. Dada alimkonyeza kwa macho mawili. Lakini shemeji yangu ni mtu wa ajabu, akatembea moja kwa moja hadi kwa mkuu wa reli.

"Mkuu, hii ni treni ya pili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Nimepita kituo."

Mkuu aliacha kupiga makofi. "Umepitaje kituo ambacho kimejaa watu wote hawa?"

"Walinipungia."

"Na wewe?"

"Mkono mmoja ulikuwa kwenye honi. Wa pili nikawapungia." Akaitazama mikono yake. "Wa breki ukawa haupo."

Mkuu alimtazama shemeji, akatutazama sisi. "Na nani aliyeniambia treni bado?"

Sote tukamtazama kinyozi, hata waliokuwa wamepaza sauti kuliko yeye.

"Kosa ni kosa," mkuu alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Kuanzia kesho huendeshi." Dada alinishika mkono, kucha zikaingia. "Kipindi chote cha majaribio utavaa kizibao cha njano, utasimama kwenye jukwaa hili asubuhi hadi jioni, utazipokea treni na kuwapanga abiria. Ukikiangalia kituo muda wa kutosha, siku nyingine hutakisahau."

"Hapa, mkuu?"

"Hapa hapa. Unakaa mbali?"

Shemeji akanyoosha kidole juu ya ukuta. "Pale kwenye mashuka."

Dada alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka mjini. Wanawake wote wakamfuata. Mkuu wa reli alishtuka, akamgeukia kinyozi. "Kwani hii niliyompa ni adhabu au zawadi?"

"Ni adhabu, mkuu," kinyozi alijibu, mkono kifuani. "Adhabu kali sana. Tunakuomba usiipunguze."

Mkuu alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Akakata utepe akiwa amekaa, na alirudi mjini kwa treni. Gari lake lilifika usiku, hivyo nilisikia.

Sitasema kwamba siku iliyofuata watu wote waliacha magari. Watu ni wagumu. Wiki ya kwanza waliopanda walikuwa wateja wangu, wa kinyozi na wazazi wa chekechea, kwa sababu walituogopa. Lakini waliobaki barabarani walikuwa na muda mwingi wa kutazama, na walichokitazama ni wenzao wanafika jukwaani, wanapanda, wanaondoka, na jioni wanarudi wakiwa bado na nguvu ya kuzungumza. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka. Barabara haijawa uwanja wa mpira, foleni ipo, ila sasa inatembea. Shemeji kila asubuhi alivaa kizibao chake, nikakifua mimi mwenyewe bila malipo, na aliwasalimu abiria kana kwamba wamekuja harusini kwake.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Chiriku aliendelea kumkaribisha. Jioni baba yake akiingia, anampa kiti kizuri, anamletea kikombe cha wageni, anakaa kando na kumtazama kwa adabu. Jioni moja alimuuliza, "Utaondoka lini?" Shemeji alisema haondoki. Chiriku akaitikia "Haya," vile watu wanavyomwitikia mtu ambaye hawamwamini. Niliuona uso wa shemeji, na siku hiyo sikumtania. Alikuja kesho yake. Akaja keshokutwa. Alikula nasi, aliosha vyombo, alimsimulia hadithi zisizo na kichwa wala miguu, akamsuka nywele vibaya mpaka dada akazifumua akilia kwa kicheko. Mtoto alipokea yote hayo kwa shukrani, na hizo shukrani ndizo zilizokuwa zikimchoma baba yake.

Kisha ikaja habari njema. Kituo kitabaki, na shemeji atarudi kuendesha kuanzia wiki inayofuata, akikabidhi treni anageuka nayo mpaka nyumbani. Mkuu wa reli mwenyewe alikuja kumwambia, kwa treni. Jioni hiyo dada alikuwa jikoni anapika huku akiimba, mimi naikunja mizigo ya kesho mlangoni, shemeji akaingia sebuleni na furaha yake, hatazami anapokwenda, akajitupa sakafuni kuvua viatu.

Chiriku alipiga ukelele. Kumbe alikuwa amejenga nyumba kwa vibanio vyangu vya nguo, ghorofa nzima, na baba yake ameikalia.

"Baba! Toka! Umevunja nyumba yangu!" Amesimama, mikono kiunoni, machozi ya hasira yanamlenga. "Toka hapo! Kila siku wewe! Kila siku wewe tu!"

Jikoni wimbo ulikatika. Shemeji alibaki vile vile chini, kiatu kimoja mkononi, anamtazama mwanawe.

"Umesemaje?" akamuuliza polepole.

"Kila siku wewe!"

"Sema tena."

Akasema tena, kwa nguvu zaidi, akampiga na kibanio begani. Shemeji akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na Chiriku, akidhani amemuumiza, akasogea kumfunua vidole kimoja kimoja ili aone. Dada alizima jiko, akaja akakaa nao sakafuni. Mimi niliacha mizigo nikaanza kuokota vibanio. Nyumba ilijengwa upya na sote wanne, na chakula tulikula kimeshapoa.